Namna ya kufunga na kupanga kihisi mwendo kwenye boti ya kupima sakafu ya bahari

Wanaoanza kazi ya sona ya miale mingi, yaani kupima kina kwa sauti, huuliza maswali yaleyale. Mbona sakafu inatoka na migongo kama bati? Ofseti, yaani umbali kati ya vifaa, niziweke kwenye kihisi au kwenye programu ya kurekodia? Mbona hivu inapanda yenyewe kila tukigeuza boti? Karibu majibu yote yako kwenye mambo matatu: kihisi mwendo, kifaa kinachopima boti inavyoyumba, kimefungwa wapi kwa kipimo cha kweli, upande upi kinauhesabu kuwa chanya, na kama saa yake inakwenda pamoja na saa ya sona. Kihisi chenyewe kuwa kibovu ni nadra, ingawa ndicho kinacholaumiwa kwanza.

Mwongozo huu ni wa boti ya mita 8 hadi 15, yenye sona kwenye nguzo ya ubavuni au chini ya mkuku, na mfumo wa setilaiti wa antena mbili uliounganishwa na kihisi mwendo: POS MV ya Applanix, Ekinox ya SBG, Seapath ya Kongsberg na jamaa zao. Majina ya menyu yanatofautiana, kazi ni moja.

Vipimo utakavyovitegemea ni vinne. Mrama ni boti kulalia ubavu huu na ule. Pichi ni omo, yaani mbele ya boti, kupanda na kushuka. Hivu ni boti nzima kuinuliwa na kushushwa na wimbi. Uelekeo ni pale omo inapotazama, ukihesabu kutoka kaskazini ya kweli. Kwenye skrini utaviona vimeandikwa Roll, Pitch, Heave na Heading.

Hesabu moja ya kukaa nayo kichwani: kosa la mrama la nyuzi 0.1, kwenye mwale uliopigwa nyuzi 60 kutoka wima, linapotosha kina kwa sentimita 6 kwenye maji ya mita 20, sentimita 15 kwenye mita 50, na zaidi ya mita 1.2 kwenye mita 400. Mpangilio uliopita bila lawama kwenye Mfereji wa Zanzibar, ambako maji mengi ni ya kina kifupi, unaweza kukuumbua ukivuka kwenda Mfereji wa Pemba, ambako sakafu huzama mamia ya mita. Kiwango cha S-44 cha shirika la kimataifa la upimaji bahari, IHO, katika daraja maalumu kinaruhusu kosa la wima la takriban sentimita 29 kwenye mita 20, na hizo ni za vyanzo vyote kwa pamoja: maji kujaa na kupwa, kasi ya sauti, drafti (kina cha boti ndani ya maji) na mwendo wa boti.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Boti ikiwa chelezoni au juu ya ardhi ngumu, imekingwa isitikisike. Vipimo vya ofseti vilivyochukuliwa boti ikielea ni vya kubahatisha.
- Totali stesheni na prizma ndogo. Ukikosa, tepu ya chuma, timazi mbili, pima maji na uzi wa mwashi.
- Michoro ya watengenezaji inayoonyesha kitovu cha kipimo cha kihisi, kitovu cha sauti cha sona na kitovu cha fezi cha antena, yaani nukta ambayo antena inapokelea mawimbi. Bila michoro hii usianze kupima. Utapima maboksi, si vitovu.
- Bamba nene la chuma au alumini la kukalia kihisi, bolti za stenlesi, nati za kujifunga na spana ya kupimia ukazaji.
- Kebo mbili za antena, aina moja na urefu mmoja.
- Kebo ya koaksia ya mapigo ya sekunde, yaani 1PPS, kutoka kwenye mfumo wa setilaiti hadi kwenye sona.
- Umeme wa moja kwa moja, volti 12 au 24 kufuatana na kifaa, wenye betri ya akiba. Usikiunge kihisi kwenye inveta moja na friji ya mabaharia.
- Kifaa cha kupima kasi ya sauti majini, kwa ajili ya pachi testi, yaani jaribio la baharini la kutafuta makosa ya saa na ya pembe (hatua ya 12).
- Daftari moja la boti. Kila ofseti, kila alama na kila badiliko liandikwe humo na tarehe yake.

Hatua ya 1: Chagua nukta rejea

Nukta rejea ni sifuri ya boti yako. Umbali wote unahesabiwa kutoka hapo. Kwa boti ndogo, tumia kitovu cha kihisi chenyewe. Inakuondolea seti nzima ya ofseti, na kila seti unayoiondoa ni nafasi moja pungufu ya kukosea alama. Kwenye meli kubwa wanapenda kitovu cha mizani ya chombo, na wana sababu zao, lakini kwenye boti ya mita 10 kitovu hicho huhama kila mafuta yakipungua au watu wakihamia tezi, yaani nyuma.

Hatua ya 2: Funga kihisi

Kanuni ni kwamba kihisi na sona viwe juu ya kitu kimoja kisichopinda. Sona ikiwa kwenye nguzo ya ubavuni, na kihisi chako kikiwa cha kuzamishwa majini, kifunge kwenye bamba lilelile la sona chini ya nguzo. Nguzo ikitikisika au isipoteremka pale pale kesho yake, kihisi kitatikisika nayo na kosa litapimwa. Baadhi ya sona, kama Norbit iWBMS, huja na kihisi tayari, na kwa boti za kukodi hilo ndilo chaguo rahisi kuliko yote.

Kihisi kisichozamishwa kifunge karibu na mstari wa katikati, juu ya fremu ya boti. Sakafu ya plywood haifai, wala ukuta wa kabini, wala mahali karibu na injini au pampu.

Mshale uliochorwa kwenye kihisi uelekee omo, sambamba na mkuku. Hapa wengi hukadiria kwa macho. Kihisi kikipindwa nyuzi 5 kutoka mstari wa omo, na boti ikapata pichi ya nyuzi 3, takriban nyuzi 0.26 za pichi hiyo zitajitokeza kama mrama ambao haupo. Programu inaweza kusahihisha upindo ukishaujua, lakini ni heri usiwepo. Vuta uzi wa mwashi kutoka katikati ya tezi hadi omo, pima umbali wa pande mbili za bamba kutoka kwenye uzi, ufanye zilingane ndani ya milimita 1 au 2.

Kaza bolti kwa spana ya kupimia, kisha piga mstari wa rangi juu ya nati na bamba. Nati ikilegea, mstari utakatika na utaona kwa jicho.

Hatua ya 3: Funga antena

Antena mbili zikae mbali kadiri boti inavyoruhusu, kimo kimoja, na zote zione mbingu wazi. Mita 2 ni umbali wa kawaida. Kwa POS MV, umbali huo hutoa uelekeo wa usahihi wa takriban nyuzi 0.02, na mita 4 hutoa nyuzi 0.01. Chini ya mita 1 utapata uelekeo, lakini utakuwa wa kuyumba.

Antena zote zielekeze tundu la kebo upande mmoja. Ziweke nje ya mwale wa rada na mbali na antena ya simu ya setilaiti. Zikifungwa kwenye mabomba mawili tofauti yanayopepesuka, umbali kati yake unabadilika na mfumo utakataa kufunga uelekeo. Tumia boriti moja ngumu. Andika ipi ni ya kwanza na ipi ya pili, na bandika lebo kwenye kebo ncha zote mbili. Kuzibadilisha kwa bahati mbaya kunageuza uelekeo kwa nyuzi 180 ikiwa zimepangwa omo hadi tezi, au kunafanya mfumo usitulie kabisa.

Hatua ya 4: Pima ofseti

Kwa totali stesheni, simika mashine mahali panapoona sona, antena na angalau alama nne za kudumu zilizopigwa kwenye boti. Pima kila kitu, hamisha mashine upande wa pili, pima tena. Seti mbili zikitofautiana zaidi ya sentimita 1, rudia.

Kwa tepu na timazi kazi ni polepole lakini inawezekana. Sawazisha boti kwa pima maji juu ya bamba la kihisi. Teremsha timazi kutoka kwenye antena, kihisi na sona hadi sakafu ya chelezo, weka alama za chaki, kisha pima mambo yote chini kwenye sakafu kana kwamba unapima ramani. Kimo kipime peke yake.

Nguvu zako nyingi ziende kwenye wima. Sentimita 20 za kosa kwenda ubavuni, boti ikiwa na mrama wa nyuzi 8, zinaharibu kina kwa kama sentimita 3 tu. Sentimita 20 za kosa la wima kati ya antena na sona, ukitumia kimo cha RTK, yaani cha setilaiti kinachosahihishwa papo hapo, zinaingia kwenye kina zote, kila mpigo, kazi nzima, na hakuna pachi testi itakayozionyesha.

Hatua ya 5: Geuza vipimo viwe vya programu yako

Hapa ndipo siku nyingi za kazi hupotea, kwa hiyo enda pole. Kila programu ina mihimili yake:

- POS MV na SIS ya Kongsberg: X kwenda omo, Y kwenda kulia, Z kwenda chini.
- Hypack, na faili la chombo la CARIS: X kwenda kulia, Y kwenda omo, Z kwenda chini.
- Qinsy: X kwenda kulia, Y kwenda omo, Z kwenda juu.

Chukua antena iliyoko mita 1.20 mbele ya kihisi, mita 0.85 kushoto kwake, na mita 3.40 juu yake. Kwenye POS MV utaandika X = 1.20, Y = −0.85, Z = −3.40. Kwenye Hypack ni X = −0.85, Y = 1.20, Z = −3.40. Kwenye Qinsy ni X = −0.85, Y = 1.20, Z = 3.40. Antena ni ileile.

Katika daftari andika kwa maneno: "antena ya kwanza, mbele 1.20, kushoto 0.85, juu 3.40". Usiandike X, Y, Z. Anayekuja baada yako hatajua ulikuwa unawaza mihimili ya programu gani. Kisha chora boti ikitazamwa kutoka juu na kutoka ubavuni, na vitovu vyote juu yake.

Hatua ya 6: Ofseti ziingie mara moja tu

Swali linaloulizwa kuliko yote ni ofseti kati ya kihisi na sona iwekwe wapi. Jibu: sehemu moja. Ama umwambie kihisi umbali wa sona ili akutolee hivu na nafasi tayari kwenye sona, kisha kwenye programu ya kurekodia uweke sifuri. Ama kihisi atoe kila kitu kwenye nukta rejea, na programu ya kurekodia ndiyo ijue sona iko wapi. Ukiweka kote kuwili, ofseti inahesabiwa mara mbili. Usipoweka kokote, sona iliyo mita 2 kutoka mstari wa katikati itapanda na kushuka sentimita 28 kwenye mrama wa nyuzi 8 bila mtu yeyote kusahihisha.

Njia ya pili ndiyo bora kwa wengi: kihisi kitoe vipimo kwenye nukta rejea na programu ifanye hesabu. Ukigundua kosa la ofseti wiki mbili baadaye, utalirekebisha kwenye uchakataji bila kurudi baharini. Pembe za ufungaji nazo zinafuata sheria hiyohiyo: pembe za sona zikae upande wa sona, za kihisi upande wa kihisi, na matokeo ya pachi testi yasiandikwe sehemu mbili.

Hatua ya 7: Linganisha saa

Boti ndogo kwenye mawimbi mafupi ya ndani ya mwamba huweza kulala kwa kasi ya nyuzi 10 kwa sekunde. Hapo ucheleweshaji wa milisekunde 10 tu unazaa kosa la mrama la nyuzi 0.1, lile lile la hesabu ya mwanzo. Kwa hiyo usiiachie saa ya kompyuta kazi hii.

Unga kebo ya mapigo ya sekunde kwenye sona, na ujumbe wa wakati wa ZDA, mara moja kwa sekunde, kwenye mlango wa siriali. Angalia kwenye kitabu cha sona kama inasoma ukingo wa mpigo unaopanda au unaoshuka, kisha upange mfumo wa setilaiti ulingane. Ukikosea ukingo, wakati unahama kwa upana wa mpigo. ZDA ikishikwa na mpigo usio wake, unapata sekunde 1 nzima, na kwa mwendo wa noti 6 (maili 6 za bahari kwa saa) hiyo ni mita 3 za nafasi.

Angalia pia kama vifaa vyote viko kwenye UTC, saa rejea ya dunia. Saa ya GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18 tangu Januari 2017. Ukiona tofauti ya 18 kamili mahali popote kwenye data, usitafute zaidi.

Hatua ya 8: Panga vinavyotolewa

Mrama na pichi zitoke mara 50 hadi 100 kwa sekunde. Uelekeo unaweza kwenda pamoja nazo. Tumia Etheneti ukiweza, kwa kuwa ujumbe unabeba muda wake wenyewe. Ukitumia siriali, piga hesabu ya kasi kwanza. Ujumbe wa TSS1, muundo unaobeba hivu, mrama na pichi, una herufi 27, na kila herufi hula biti 10. Mara 100 kwa sekunde ni biti 27,000. Mlango wa 9,600 utapitisha kama 35 tu kwa sekunde na zilizobaki zitasongamana nyuma, na huo ni ucheleweshaji unaobadilikabadilika usioweza kusahihishwa. Weka 38,400 au zaidi pande zote mbili.

Kumbuka alama za ujumbe. TSS1 huhesabu hivu kwenda juu kuwa chanya, na mifumo mingine huihesabu kwenda chini. Programu ya kurekodia lazima ichaguliwe aina sahihi ya ujumbe, si ile inayofanana nayo.

Hatua ya 9: Filta ya hivu

Hivu haipimi maji kujaa na kupwa. Haipimi drafti wala boti kuzama tezi ikiongeza mwendo. Kihisi kinachukua mchapuko wa wima, kinaujumlisha mara mbili, kisha kinachuja kila kinachokwenda polepole. Kwenye pwani ambako bamvua inavuka mita 3, kusahau jambo hili ni kupoteza kazi nzima. Kipimo cha maji kijae au kipwe kinatafutwa kwingine, ama kwa kipima maji cha gatini ama kwa kimo cha RTK.

Filta ina mipangilio miwili. Kwenye POS MV thamani za kawaida ni muda wa sekunde 20 na udhibiti (Damping) wa 0.707. Mawimbi mafupi ya bandarini hayana shida na thamani hizo. Ukitoka nje ya mwamba wakati wa kusi na kukuta mawimbi marefu ya sekunde 12 na zaidi, usipunguze muda wa filta kwa matumaini ya kutuliza hivu. Utaanza kuchuja mawimbi yenyewe. Filta fupi hutulia haraka baada ya kugeuza lakini hula mawimbi marefu. Filta ndefu ni kinyume chake.

Ndiyo maana baada ya kila mgeuko unahitaji mwendo wa kutulia kabla ya laini, yaani njia iliyonyooka ya kupimia, kuanza. Kwa filta ya sekunde 20, ipe boti dakika 2 au 3 za mwendo ulionyooka. Nahodha atalalamika kuhusu mafuta. Mwonyeshe mwanzo wa laini uliopinda na atakuelewa.

Mfumo wako ukiwa na hivu ya kuchelewa, kama TrueHeave, irekodi daima. Inatazama mbele na nyuma ya kila sekunde, kwa hiyo haina tatizo la mgeuko. Anza kurekodi mapema na usizime mpaka dakika 5 zipite baada ya laini ya mwisho, la sivyo laini hiyo itakosa hivu.

Hatua ya 10: Majaribio ya gatini

Boti ikiwa imefungwa, washa kila kitu, subiri kihisi kitulie, kisha:

1. Watu wawili wasimame ubavu wa kulia. Ubavu huo ukizama, mrama uende chanya kwa mifumo mingi. Angalia kwenye kihisi na kwenye programu ya kurekodia, kwa kuwa alama inaweza kugeuka njiani.
2. Wahamie omo. Omo ikizama, pichi iende hasi.
3. Mwache kila mtu atulie, rekodi dakika 10. Mrama na pichi visizurure. Hivu irudi kwenye sifuri.
4. Linganisha uelekeo na mwelekeo wa ukuta wa gati uliopimwa kwa nukta mbili za GNSS, yaani za setilaiti. Tofauti ya nyuzi 1 ni ya kamba na mafenda. Ya nyuzi 10 ni ya alama au ya dira ya sumaku iliyoingizwa kimakosa.

Hatua ya 11: Funga uelekeo wa antena

Toka kwenye maji wazi yasiyo na kreni wala meli ndefu karibu. Kwa POS MV kazi hii inaitwa GAMS: zunguka kwa umbo la nane, pande zote mbili, mpaka usahihi wa uelekeo ushuke chini ya nyuzi 0.5, kisha anzisha kalibresheni na uendelee kwa mwendo ulionyooka mpaka ikamilike. Mfumo utakupa umbali kati ya antena. Ulinganishe na ulioupima kwa tepu. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 1, usihifadhi. Kuna antena iliyolegea, kivuli cha mlingoti, au mtu alipima kutoka ukingo wa antena badala ya katikati.

Hatua ya 12: Pachi testi

Pima kasi ya sauti majini kwanza. Tafuta sehemu mbili: sakafu tambarare, na mteremko au kitu kinachoonekana, kwa mfano ukingo wa mfereji uliochimbwa wa kuingilia bandarini. Kina kirefu kinaonyesha makosa vizuri zaidi. Mpangilio ni huu:

- Ucheleweshaji: laini moja juu ya mteremko, boti ikielekea upande uleule, noti 4 na noti 8. Gawanya msogeo kwa tofauti ya mwendo. Nusu mita kati ya noti 4 na 8 ni kama sekunde 0.24.
- Pichi: laini ileile kwenda na kurudi, mwendo mmoja, ukitazama chini ya boti tu. Msogeo wa mita 1 kwenye kina cha mita 30 ni takriban nyuzi 0.95.
- Mrama: laini moja kwenye tambarare, kwenda na kurudi. Kingo za nje zikitofautiana sentimita 30, kwenye umbali wa mita 60 kutoka katikati, kosa ni nyuzi 0.14.
- Uelekeo: laini mbili sambamba, boti ikielekea upande uleule, kitu kikiwa katikati yake. Mita 1 kwa laini zilizoachana mita 60 ni karibu nyuzi 0.95.

Fuata utaratibu huo, ukiingiza kila jibu kabla ya kutafuta linalofuata. Kwa mfumo wenye mapigo ya sekunde, ucheleweshaji unatakiwa kuwa sifuri au karibu sana. Ukipata robo sekunde, usiiandike kama sahihisho; rudi hatua ya 7. Mrama ukihama zaidi ya nyuzi 2 wakati bamba lilisawazishwa, rudi hatua ya 6. Kila jaribio lifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

Mambo yakiharibika

Migongo inayopinda kingo, kushoto juu kulia chini, kisha kinyume. Ni mrama. Fungua grafu ya mrama kando ya data. Kosa likiwa kubwa boti inapopita wima, yaani kasi ya kulala ikiwa kubwa, tatizo ni saa. Likiwa kubwa boti inapofika mwisho wa kulala, tatizo ni kipimo, alama, au nguzo inayopinda.

Utepe wote, yaani upana mzima wa sakafu unaopimwa, unapanda na kushuka pamoja. Linganisha na pichi. Ukifuata pichi, ofseti ya mbele na nyuma kati ya kihisi na sona imekosewa, haipo, au imeingia mara mbili. Ukifuata mrama, ni ya ubavuni. Usipofuata chochote, ni filta ya hivu.

Utepe umeinama upande mmoja wakati wote, na ukirudi umeinama upande wa pili. Pembe ya mrama ya sona. Rudia sehemu ya tatu ya pachi testi.

Kingo zote mbili zimekunjwa juu, au zote chini. Hilo si la kihisi. Ni kasi ya sauti majini. Teremsha kifaa upya, hasa karibu na mdomo wa mto.

Laini inaanza imepinda, kisha inanyooka baada ya dakika moja au mbili. Filta haijatulia. Ongeza mwendo wa kuingilia, au tumia hivu ya kuchelewa.

Mrama unazurura wakati wa kugeuza tu. Kihisi hakipati msaada wa setilaiti, kwa hiyo kinahesabu mchapuko wa kona kama mwinamo. Angalia kebo ya antena na hali ya mfumo kwenye skrini.

Kitu kimoja sakafuni kinaonekana mara mbili kwenye laini za kwenda na kurudi. Ongeza mwendo wa boti: umbali kati ya picha mbili ukikua na mwendo, ni saa. Ukibaki uleule, ni ofseti ya antena au pembe ya pichi.

Vipimo vinaruka au vina mapengo. Pima volti kwenye kifaa chenyewe injini ikiwashwa, si kwenye betri. Kisha kagua plagi: kutu ya kijani kwenye pini ni adui wa kila siku kwenye maji ya chumvi.

Kila ukifungua bolti ya kihisi, sona au boriti ya antena, hata kwa dakika 5, pima tena kilichoguswa na urudie pachi testi. Nguzo ya ubavuni iliyoinuliwa na kuteremshwa inahitaji angalau laini mbili za mrama kila asubuhi kabla ya kazi. Zikitofautiana na za jana kwa zaidi ya nyuzi 0.05, tafuta kilicholegea kabla ya kung'oa nanga.